Muhuri wa Unga wa Ngiri

Ngiri alikuwa mkarimu kupita kiasi. Aliloweka mihogo michungu, akaianika, akaitwanga, kisha akauacha unga mlangoni pake, kila mnyama achote bure. Kanga, mama wa vifaranga wasioshiba, alichota kila siku, lakini kabla ya kusonga ugali aliuramba kidogo, maana muhogo mchungu usiolowekwa unaua.

Korongo, mwenye hadhi na shingo ndefu ya kuionyeshea, alikunja uso.

"Unga usio na muhuri? Sisi wastaarabu hatuli. Na wewe mama, acha kurambaramba, ni ushamba."

"Haya, bwana mkubwa," akasema Ngiri, akachonga muhuri. Kwa kuwa kwake kila kitu kilikuwa cha wote, muhuri nao akautundika mlangoni, ili majirani waliomsaidia kutwanga waugonge wenyewe.

Kima, mvivu kuliko wote, akatwanga mihogo bila kuiloweka. Muhuri aliugonga vizuri sana.

Asubuhi Korongo aliukagua ule muhuri kwa jicho la kulia, kisha la kushoto. "Safi kabisa!" akasema, akala. Kanga aliramba, akatema, akawafukuza wanawe jikoni.

Jioni Korongo alikuwa chali, miguu juu.

"Lakini muhuri ulikuwa halali!" akalia.

"Halali kabisa, baba," akasema Kanga, akimnywesha maji. "Muhuri ungeula, unga ungeuacha."

Korongo alipona. Neno lake la kwanza lilikuwa kwamba muhuri ule nao ugongwe muhuri.