Shati la Saa Nane

Maneno ya msusi yalimganda mama kama nyuzi kwenye sketi: mwanao ameonekana kwenye geti la kijani, tena si mara moja.

"Mimi sijaona kwa macho yangu," msusi alisema, vidole vikiendelea kusuka. "Mteja kaniambia. Na mteja mwenyewe si mtu wa kuzusha."

Mtaa mzima ulijua kilichouzwa nyuma ya geti lile. Mama alijua zaidi, maana huko ndiko redio yake, pasi yake na saa ya marehemu mumewe vilikoishia mwaka uliopita, kimoja baada ya kingine.

Na sasa mwanawe alikuwa na siku hamsini na moja bila kugusa unga. Siku hamsini na moja za malengo madogo. Wazo lilikuwa la kaka yake mama, ambaye kwa kazi yake ya kufua na kupiga pasi kila mtu alimwita Dobi.

"Usimwambie apone, dada. Mwambie atandike kitanda."

Kila asubuhi Dobi alituma lengo moja kwa simu, mama akaliandika kwa chaki kwenye mlango wa kabati. Tandika kitanda. Oga kabla ya saa mbili. Fua soksi zako mwenyewe. Tembea mpaka kona, urudi. Wiki ya saba likaja la kazi: kila siku saa nane mchana, mpelekee mteja shati lililopigwa pasi, utalichukua kwangu. Usilifungue, litakunjika.

Siku ile mama alilia kwa furaha, kichwa kakilaza juu ya cherehani. Mtoto aliyekuwa hanyanyuki godoroni, leo anauliza saa ngapi.

Lakini maneno ya msusi hayakumwacha atulie. Saa nane ilipofika aliyaacha mapazia ya watu mashineni, akamfuata. Kijana alitembea haraka, mfuko mweupe kifuani. Akapita kwa kinyozi, akapita duka la vitabu, akasimama kwenye geti la kijani. Mkono ukatoka, ukachukua mfuko. Kijana akageuka, akarudi mikono mitupu, anapiga mluzi.

Ule mluzi ndio uliomkata mama maini.

"Umeuza shati la watu," alimwambia walipofika nyumbani.

"Sijauza, mama. Ni lengo. Mjomba alisema nikiweza kufika pale, nikabidhi shati, nikageuka bila kuingia ndani, basi nimeushinda unga. Leo ni mara ya tisa."

"Mjomba wako akutume pale?"

"Muulize."

Akaenda kumuuliza. Dobi alikuwa anapiga pasi suruali, na hakuinua macho mpaka mkunjo ulipokaa sawa.

"Mimi? Nimtume mahali pale? Dada, mimi mashati nampa apeleke kwa mwalimu, kule nyuma ya posta." Akashusha sauti. "Tisa hayajafika. Nilinyamaza kukusitiri tu."

Tisa. Hesabu ilikuwa ile ile.

"Mlete akae kwangu," Dobi akasema. "Wewe una huruma nyingi, anakuzungusha kama gurudumu la cherehani. Hapa atanyooka kama suruali hii."

Saa kumi nguo za kijana zilikuwa zimeshafungashwa.

"Mama, nimekwambia ukweli."

"Ukweli wako nimeushiba. Siku hamsini na moja unanifanya mjinga ndani ya nyumba yangu."

Kijana alimtazama mama yake, akamtazama mjomba wake aliyekuwa anangoja mlangoni na uso wa huzuni, akabeba begi. Walipoondoka, mama alichukua kitambaa chenye maji akafuta chaki yote kabatini, toka juu mpaka chini. Kisha akakaa sakafuni. Angemsamehe akirudia unga. Wale wa kliniki anakotibiwa walishamwambia wengi huteleza. Kilichomuuma ni ule uongo mkavu, wa kumtupia mjomba aliyemnyanyua.

Asubuhi alichukua akiba yake ya pesa za mapazia akaenda geti la kijani peke yake. Aibu ya mwanawe ilikuwa aibu yake. Mashati ya watu lazima yarudi.

Jamaa aliyefungua alikuwa na mswaki mdomoni.

"Mashati? Yako pale, mama, chukua yote. Weka pesa yako, ya nini?"

Akamletea kikapu. Mashati tisa meupe, na kila moja kola yake imefumuliwa. Mama ni mtu wa sindano miaka ishirini. Alipitisha kidole ndani ya kola ya kwanza, pale panapokaa kitambaa kigumu, akakuta mfuko mdogo ulioshonewa ndani kwa siri, mtupu. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hakuigusa.

"Ni mazuri, ila sisi mashati hatuna kazi nayo," jamaa akasema, akatema povu pembeni. "Mwambie Dobi mzigo wa jana ulikuwa mwepesi. Na yule kijana wake ni mgumu kweli. Mara tisa namkaribisha, hataki hata kuonja."

Kabla ya saa nane mama alikuwa ameshamtoa mwanawe kwa Dobi. Mpaka leo, akina mama wenzake wakimuuliza, huwaambia waepuke haya:

Kumbebesha anayepona mzigo asioruhusiwa kuufungua.

Kukubali lengo linalompitisha pale alipoangukia, hata likiitwa ujasiri.

Kumfukuza mtoto siku ile ile ya hasira.

Kudhani kwamba aliyenyonya ziwa moja na wewe hawezi kumuuza mwanao.