Malkia wa Pili

Mshonaji alikuwa amebakiwa na mfalme tu kwenye ubao wa sataranji. Shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, alikuwa na malkia, na askari aliyebakiza hatua moja afike mwisho ageuke malkia.

"Kubali tu yaishe, shem, tukapumzike," alisema, akiwakonyeza watu waliozunguka meza.

Shemeji alihitaji kushinda ili abebe kombe. Wakitoka sare, linakwenda kwa mfamasia wa meza ya jirani. Kwa hatua nne mfululizo mshonaji alimtembeza mfalme wake mpaka kwenye kona, mahali ambapo mchezaji mwenye akili zake haendi kwa hiari.

Maana alimjua. Siku arobaini za msiba hazijaisha, shemeji alishachukua nyumba. Alipoombwa chumba kimoja tu, akasema mali ya ndugu yake haigawanywi. Wiki iliyofuata akarudi kubeba cherehani, halafu mapazia. Kimoja hakijawahi kumtosha.

Shemeji angeweza kummaliza kwa malkia aliyekuwa naye. Badala yake akamsukuma askari hadi mstari wa mwisho, akaokota ngome iliyokwisha kuliwa, akaisimamisha kichwa chini iwe malkia wa pili. Akaibonyeza kwa kidole kama anayepiga muhuri.

Mshonaji akamwita mwamuzi. Mwamuzi akainama: mfalme hashambuliwi, wala hana mraba hata mmoja salama wa kuingia, na zamu ni yake.

"Sare. Nusu pointi kila mmoja."

Kidole cha shemeji kilikuwa bado juu ya ngome. Mshonaji akasogeza karatasi ya matokeo na kalamu.

"Saini, shemeji. Leo tumegawana."