Msichana Asiye na Adabu

Maame Pokuaa aliutazama mkono uliomnyooshea noti kana kwamba umeshika panya aliyekufa.

"We msichana, unanipa pesa kwa mkono wa kushoto? Mimi?"

"Waakye ya sedi mbili, Mama," Finda alisema. "Na yai."

"Mimi nauliza adabu, yeye ananijibu yai!"

Foleni ikaangua kicheko. Ilikuwa Jumatatu, asubuhi ya kwanza ya Finda mjini Kumasi. Alikuwa ametoka Koidu, Sierra Leone, siku nne barabarani, kuja kusomea sheria. Alijitanda mtandio mpana, na vitabu vyake alivibana ubavuni upande wa kulia kama mtu anayeogopa wezi.

"Weka hivyo vitabu chini, unipe pesa kama mtu aliyelelewa."

"Siviweki."

Maame Pokuaa alimpakulia, maana biashara ni biashara, lakini ule wali wa kunde aliufunga kwenye majani kwa hasira, akamsukumia. "Haya, kale. Labda utashiba adabu."

Finda aliondoka akitabasamu.

Kwao hakuna aliyewahi kumkaripia. Shuleni wenzake walipochapwa, mwalimu alimruka yeye. Wenzake walitwanga mpunga na kuchota maji. Yeye aliwekewa kigoda kivulini. Wauzaji sokoni walimwongezea bila kuombwa, na kila aliyesema naye alilainisha sauti. Siku ya safari mama yake alimfungia sanduku, akamvalisha viatu, kisha akalia: nani atamfanyia hayo ugenini?

Kumasi haikumfanyia lolote. Mwenye nyumba, Mzee Boakye, alimpa mkono wa kumkaribisha. Alipoona anapewa wa kushoto, akaurudisha wake mfukoni. "Kodi yako nitaipokea," alisema. "Salamu yako kaa nayo."

Darasani mhadhiri aliuliza swali, Finda akanyoosha mkono. Mhadhiri aliutazama ule mkono, akamchagua mtu wa nyuma yake. Finda hakuushusha. Kipindi kiliisha mkono ungali juu, na wenzake wakatoka wakimcheka.

Frema, waliyekaa naye dawati moja, alimfuata nje. "Dada, kwani kwenu kutoa kushoto si vibaya?"

"Vibaya sana. Bibi yangu angekurushia mwiko."

"Sasa si utumie wa kulia, mambo yaishe?"

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Chagua mwenyewe."

Frema alicheka mpaka akashika ukuta. "Una kiburi wewe! Mtu angedhani binti wa mfalme."

"Niite hivyo. Ninapenda."

Jumatano mama yake alipiga simu. "Wanakutendeaje huko, mwanangu?"

"Wananitukana, Mama."

"Ee Mungu wangu! Umewaambia?"

"Sijawaambia."

"Waambie, Finda. Wakijua tu watakutendea kama sisi huku."

"Ndiyo maana siwaambii."

Mama yake akauliza kama anakula.

Alikula. Mtaa uleule ulikuwa na wauzaji wengine wawili, wapole, lakini kila asubuhi Finda alirudi kwa Maame Pokuaa. Alipanga foleni kama wengine, akasukumwa kama wengine, akakanyagwa vidole na hakuna aliyemwomba radhi. Mkono ulikuwa uleule, matusi mapya. Jumanne aliitwa mbuzi. Alhamisi akawa mbuzi wa jirani, anayekula nguo kwenye kamba. Ilifika mahali waakye ya wauzaji wale wapole aliiona kama haina chumvi.

Ijumaa Maame Pokuaa alimwona akiwa bado mtu wa nne, akafunika sufuria.

"Leo hupati. Wa kulia, au ushinde na njaa."

"Njaa ninayo, Mama. Na pesa ninayo."

"Hata ungekuwa na benki!" Aliigeukia foleni, mwiko mkononi. "Mnamwona huyu? Wiki nzima ananidharau mbele ya wateja wangu! Nimemsema, hasikii. Nimemtukana, anacheka!"

"Mpe tu, Maame, tunachelewa kazini," mwanamume mmoja alilalamika.

"Simpi! Kama mama yake alimdekeza, mimi simdekezi."

"Hapo umesema kweli," Finda alijibu, akamnyooshea noti tena. "Usinidekeze. Nipe waakye."

Watu wakapiga mluzi. Maame Pokuaa aliizunguka meza yake, uso umemwiva, akaja mpaka mbele ya Finda.

"Mpumbavu mkubwa we! Mtoto usiye na—"

Akavikamata vile vitabu, akavuta.

Vitabu vilimwagika vumbini, mtandio nao ukavifuata. Upande wa kulia, kuanzia kwenye kiwiko kushuka chini, mkono wa gauni ulining'inia mtupu.

Mwiko ulimponyoka Maame Pokuaa.

"Endelea, Mama," Finda alisema, noti bado ameinyoosha. "Tusi lako hujalimaliza."