Ahadi ya Pruett

Karani wa bunge la jimbo letu alipofika kwenye jina la Pruett, wajumbe wote waligeuka kumtazama. Kura za muswada wa kuwatoa watoto kwenye migodi ya makaa zilikuwa zimefungana. Yake tu ndiyo iliyobaki.

Lakini jana alipeana mkono na mjumbe mgonjwa wa upande wa kupinga muswada, kama ilivyo desturi yetu bungeni mmoja anapougua: wewe huwezi kuja kupiga kura ya hapana, basi nami sitapiga ya ndiyo.

"Mwenzako kafa asubuhi hii," mjumbe wa kiti cha jirani alimnong'oneza, akatema tumbaku. "Maiti hadai, bwana. Sema ndiyo!"

Pruett alitazama kiganja chake. Kovu alilolipata mgodini akiwa mtoto bado lilikuwa na weusi wa makaa. Jana yule mgonjwa alilipapasa, akasema, "Najua ninachokuomba."

"Mheshimiwa Pruett?"

Akakunja ngumi, akasimama. "Nilimpa mkono," alisema. "Sipigi kura."