Sindano Shingoni mwa Paka

"Mushike vizuri, Papa Sebarenzi," muganga wa serikali alisema, akainua sindano. "Kama hasikii maumivu, njo ukoma. Na nyumba hii tutaichoma."

Paka alikuwa na vinundu shingoni, vigumu, bila manyoya. Sebarenzi alimbana mapajani, amemfunika koti kuukuu. Neno hilohilo, ukoma, ndilo wakubwa walilotumia siku walipomchukua mke wake mpaka kambi ya wakoma. Hakurudi. Walimletea habari ya kaburi tu, na hata kaburi lenyewe hawakumuonyesha.

"Sasa na paka munapeleka kambini?" aliuliza. "Kesho wakubwa wenu watatuma mupime kuku."

"Paka tunaua. Watu njo tunapeleka," muganga alijibu bila kucheka.

Sindano iliingia kwenye kinundu. Paka hakutikisika.

Hapo Sebarenzi alipitisha mkono wa kulia chini ya koti, akaufinya mkia kwa nguvu zake zote.

Paka alilia kwa ukali, akajipindua, akazamisha kucha katika mkono wa kushoto wa Sebarenzi na kuuchana toka kifundo mpaka vidole.

"Umeona? Amesikia!" Sebarenzi alicheka kwa furaha. "Iko upele tu. Mumupakae mafuta ya kiberiti, atapona."

Muganga hakumtazama paka. Alitazama damu iliyokuwa ikidondokea suruali ya mzee, na kicheko ambacho hakikukatika hata kidogo.

"Papa," alisema polepole, huku akifuta sindano, "funga macho, unipe mkono huo."