Chumba cha Ndani

Karatasi yenye ramani ya safari na picha ya meli ilikuwa laini kama kioo. Mume wa Zipora aliipapasa juu hadi chini, asiambulie kitu. Alikuwa amefundisha watoto wasioona kule Buigiri mpaka akastaafu, na yeye mwenyewe haoni tangu utotoni.

"Ndiyo meli yenyewe hii?" aliuliza, akicheka.

Binti wa ofisi ya safari alitahayari. Zipora alichomoa pini kwenye kitenge chake, akaigeuza karatasi juu ya mkoba na kuanza kuitoboatoboa kwa nyuma, kama alivyozoea kumwandikia nyumbani. Mafia, Unguja, Pemba. Kisha chumba chao.

Alipoigeuza tena, vidole vya mzee vikaanza safari juu ya vinundu vilivyotokeza. Vilipita kisiwa baada ya kisiwa bila haraka, vikapanda melini, vikaingia chumbani. Kitanda hiki. Mlango huu. Vikauzunguka ukuta, vikarudia, vikasimama.

"Dirisha liko wapi?"

"Nimechagua cha ndani, Mwalimu. Sikutaka nikae naitazama bahari peke yangu, na wewe umekaa tu kitandani."

Mzee aliutafuta mkono wake mpaka akaupata.

"Sasa utanisimulia nini, mke wangu? Ukuta?"

Binti akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Zipora aliigeuza karatasi. Machozi hayakumwacha aone pa kutoboa, basi akafumba macho, akapapasa mpaka akaupata ukuta. Dirisha alilolitoboa lilikuwa kubwa kuliko mlango.