Kabati la Maziwa

Kila nyumba yenye mtoto mchanga ilitiwa na serikali kabati la maziwa ukutani, na kabati halikufunguka mpaka mama ajaribu kwanza kunyonyesha mbele yake. Lakini Mwanaharusi alikuwa akitumia dawa kali za saratani, na daktari alimkataza katakata kumnyonyesha mwanawe, Rajabu.

"Mweke kifuani, mama," kabati lilisema kwa upole. "Usikate tamaa."

"Maziwa yangu yana sumu! Nimekwambia tangu asubuhi!"

"Kila mama anaweza."

Rajabu alikuwa amelia hadi sauti imemkauka. Bi Kidawa, mama mkwe, akaja na mchi kutoka jikoni.

"Sogea, mwanangu."

"Hapana, mama. Nipe mimi."

Mwanaharusi alimpa Bi Kidawa mtoto, akauchukua mchi, akalipiga kabati huku akilitukana mpaka mlango ukapasuka na chupa za maziwa zikabingirika sakafuni. Akafungua moja. Rajabu alinyonya kwa pupa.

"Pole, mama, umechoka," sauti iliendelea kutoka ukutani, kwa upole uleule. "Tulia hapohapo. Tunakuja kumchukua mtoto."

"Waje," alisema Mwanaharusi.

Bi Kidawa akaenda kutia komeo mlango wa nyumba.